Picha za Shangazi Hazifunguki

Jumanne, tarehe 4 Machi. Asubuhi manyunyu, kisha jua.

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamuudhi mtu ninayempenda. Mimi ni fundi cherehani wa magauni ya harusi, na wifi yangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti, alinitengenezea ya duka, tukakosa mtu wa kuvaa magauni tupige picha, shangazi yangu akasema, "Mnahangaika nini na mimi nipo?" na huyo shangazi aliolewa akiwa amevaa gauni la kuazima, basi alipovaa la kwanza akajizungusha mbele ya kioo, akacheka, akagoma kulivua, tukapiga picha mchana kutwa, majirani wamejaa mlangoni wanashangilia. Sasa tovuti inajikokota, na juzi bibi harusi mmoja akanipigia: "Dada, nimefungua tovuti yako, nimekaanga mayai, nimekula, nimeosha vyombo, bado naona paji la uso la mama mmoja. Gauni liko wapi?" Wifi anasema picha ni nzito mno, tuzipunguze, nami nimekataa kwa sababu kwetu mafundi kitambaa ukishakikata hakirudi, na zile shanga nimezishona kwa mkono, moja moja, naye akajibu, "Basi tubakize tatu, nyingine tufute," huku shangazi kila siku ananiuliza, "Leo wameniona wangapi?" Nimwambieje?

Fundi wa Shanga

JIBU

Fundi, nimecheka hadi machozi, sasa acha nikugombeze. Picha si kitambaa! Ya asili inabaki kwenye kompyuta ya wifi yako, haiguswi. Kinachopunguzwa ni nakala. Umewapa watu picha ya kubandika ukutani, na wao wanatazama kwenye simu.

Nakala zipunguzwe upana, zihifadhiwe kwa muundo mwepesi, kisha mzitazame pamoja. Ukiona shanga zimefifia, wifi arudie, asiipunguze picha sana. Shanga zako zinastahili kuonekana, kwa hiyo piga picha ya kifua cha gauni peke yake. Picha ya juu ifunguke kwanza. Za chini zisubiri mtu ateremshe ukurasa. Hakuna hata moja ya kufuta.

Na majina ya picha je? Nina hakika umeyaacha yale manamba yaliyotoka na kamera. Nani anatafuta namba mtandaoni? Faili liite gauni-la-harusi-mikono-mirefu, na kwenye maelezo ya picha andika kinachoonekana: "Mama aliyevaa gauni jeupe la mikono mirefu, lenye shanga kifuani." Maneno hayo ndiyo yanayoisaidia injini ya kutafuta, na asiyeona naye atasomewa na simu yake. Usirundike "gauni gauni harusi harusi" kama mpiga debe.

Shangazi mwambie leo, wewe mwenyewe, usimtume wifi: hakuna aliyemkataa, wengi hawajamwona bado. Kisha ijaribuni tovuti kwenye simu ya bei rahisi yenye mtandao dhaifu. Ikijikokota tena, rudini kazini.

FUNDI AMETUANDIKIA TENA

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Asubuhi mawingu, upepo kidogo.

Tumefanya yote. Leo ameingia msichana dukani, simu mkononi: "Nataka hili. Na huyu mama yupo? Anifundishe kuzunguka nalo bila kulikanyaga."

Shangazi akainuka kitini. "Nipo, mwanangu. Vua viatu kwanza."

Wamezunguka hadi nimefunga duka, na mimi nyuma yao naokota pini. Sasa ni saa nne na nusu usiku, ndiyo kwanza naenda kulala.