Jina Lililotekwa na Mtani

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Mvua ya kwanza. Bati linavuja palepale. Kampuni ya Dar es Salaam inayohifadhi blogu yangu imetuma ujumbe: seva zitazimwa mwisho wa mwezi, kila mteja ahame. Kuhama tena! Nimehamishwa shule hadi nikastaafu. Nilidhani huko mtandaoni angalau nimepata makazi ya kudumu.

Nimempigia Najiat, wa kampuni mpya. Binti mwenye adabu, ila husema haraka mno. Maandishi ni kama vyombo vya ndani, anasema, atavihamisha yeye. Jina la blogu ni jambo jingine. Halihami mpaka mwenye jina atoe namba ya siri, nayo hutumwa kwenye barua pepe yake tu.

"Na hapa, mwalimu, mwenye jina ni Shomari."

Shomari! Tulipoanza sikuwa na barua pepe. Yeye alikuwa na duka la picha Isevya, akaandikisha kila kitu kwa jina lake. Nilikwishasahau.

Jumanne, 5 Novemba
Vyombo vimefika salama. Wazee wa Urambo niliowahoji wamo. Bibi wa Kaliua aliyekumbuka nyimbo za wapagazi yumo. Wengi wao sasa ni marehemu. Wajukuu wao huwatafuta kwa jina moja tu — nyayozamisafara. Jina likipotea, hakuna atakayewafikia.

Jumatano, 6 Novemba
Nimekwenda dukani kwa Shomari. Babu zake walitoka pwani, Uzaramo. Babu zangu, Wanyamwezi, walibeba mizigo kwenda huko. Basi sisi ni watani, na tangu ujana ananiita mpagazi.

"Njooni muone! Mpagazi wangu anatoroka na mzigo!" Wateja wote wakageuka. Jina ameliteka kwa haki ya utani, anasema, na atalitoa nikimkomboa kwa jogoo mwekundu. Tena aliyenona.

Nikamwambia hili ni jambo rasmi.

"Rasmi? Ndiyo kabila gani hilo?"

Nimerudi kwa miguu. Magoti!

Ijumaa, 8 Novemba
Nimemwandikia barua. Anwani mbili, kichwa cha habari, aya tatu. Mke wangu Koleta ameisoma akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Baba Levina, mtani haandikiwi barua. Akiteka kitu chako unakomboa, mnacheka, yamekwisha."

Nimeipeleka hivyo hivyo. Kazi ni kazi. Nimechoka kuchekwa mbele ya watu.

Jumatatu, 11 Novemba
Jibu limekuja kwa bodaboda: barua yangu ileile, imefungwa kwa uzi, na juu yake unyoya mmoja mwekundu. Namba hakuna. Koleta amecheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 14 Novemba
Najiat amewaomba wale wa kampuni ya zamani watoe namba bila Shomari. Wamekataa: humsikiliza mwenye jina peke yake. Ni sawa, hata mimi ningekataa. Mgongo unauma. Jumamosi nitamwendea tena — bila jogoo.

Ijumaa, 15 Novemba
Asmahani, mke wa Shomari, amepiga simu akilia. Mumewe ameanguka dukani baada ya swala ya Ijumaa. Kiharusi. Upande wa kulia umelala, maneno hayatoki.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 19 Novemba
Nakwenda hospitali kila siku. Shomari hutazama dari tu. Asmahani anasema hatambui mtu, hata yeye. Simu ya Shomari, yenye barua pepe zake, iko mkobani mwa Asmahani, imefungwa. Namna ya kuifungua anaijua mwenyewe. Sikuiulizia. Asmahani ndiye aliyeitaja.

"Shemeji, na ile namba yako?"

Nikamwambia aiache.

Najiat ameandika: pole sana, mwalimu, lakini mwisho wa mwezi uko palepale.

Niliporudi Koleta alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua kichwa. "Umepeleka uji, umepeleka machungwa. Alichokuomba hujapeleka."

Alhamisi, 21 Novemba
Naandika nje ya wodi, kwenye benchi. Nimefukuzwa.

Niliingia na jogoo ndani ya kikapu, mwekundu, nimemfunika kwa koti. Alinyamaza njia nzima, akawika mlangoni! Nesi akaja mbio. "Babu! Kuku wodini? Hii ni hospitali au gulio?" Wagonjwa wakainua vichwa. Asmahani akaziba mdomo kwa mtandio.

Shomari akaacha dari. Akamtazama jogoo. Akanitazama mimi. Mkono wa kushoto ukapanda polepole, vidole viwili juu.

"Anataka maji?" akauliza nesi.

Si maji. Bei imepanda. Wawili!

"Mzaramo mnyang'anyi," nikasema, kwa sauti, mimi, mbele ya wodi nzima. "Hata kitandani?" Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

Asmahani akaitoa simu mkobani, akaiweka juu ya shuka. Shomari akaifunika kwa kiganja. Hatoi.

Koleta amekwenda sokoni kumtafuta wa pili. Huyu wa kwanza anadonoa kamba za viatu vyangu. Kengele ya kuwaondoa wageni imelia. Nesi amesimama mlangoni, anatazama saa, ananitazama mimi — simwoni Koleta bado, ila upande wa geti nasikia jogoo mwingine akiwika.