Mwanzi Ulio Juu ya Kitanda cha Bibi

Chapwa, Tunduma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje huko Ibaba, na mgongo unakuachia kidogo? Huku kwa Dada tu wazima. Mtoto wake ananyonya vizuri, ila mimi bado naogopa kumbeba mgongoni, na Dada hunicheka.

Mama, tafadhali barua hii akusomee mdogo wangu Sekela peke yake, nanyi mfunge mlango. Mzee wa kanisa asiisome.

Barua yenu ililetwa na watu waliokuja kuuza maharage. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Nimemlilia Bibi sana. Lakini yale maneno uliyomwambia Sekela aandike ndiyo hayaniachi: “Mama yangu amekufa akiniomba ugoro, nami nilimnyima mpaka mwisho.” Sekela akaongeza chini kwamba huli, unashinda kibandani mwa Bibi, wala hutaki mtu afagie humo.

Ulimnyima kwa sababu dresa wa zahanati alikuambia ugoro utamharibu kifua. Lakini Mama, Bibi hakuukosa. Nilikuwa nampa mimi.

Kila asubuhi ulipokwenda mtoni nilimpelekea kidogo ndani ya jani la mgomba. Niliupata kwa yule mzee jirani anayeusaga, nami nikimtekea maji. Bibi akisikia hatua zangu alisema, “Mke mwenzangu, umechelewa. Unataka nife ubaki na mume peke yako?” Akinusa, alipiga chafya ndani ya shuka isisikike nje.

Siku moja nilimwuliza, “Sasa Bibi, mbona Mama akirudi unamlilia tena akupe?”

Akasema, “Nikinyamaza atajua nimepata. Atatupekua sote wawili.” Kisha akasema, “Usimchukie mama yako. Hata mimi nilimnyima mama yangu pombe alipougua. Alininunia, lakini alijua nataka aishi.”

Nilipaswa kukuambia haya kabla sijaondoka. Niliona aibu. Sasa naogopa zaidi, maana nawaza huenda ni ule ugoro uliommaliza. Nilimwambia Dada, naye akasema, “Ameunusa tangu Mama hajazaliwa. Ungekuwa wa kumwua, wewe na mimi tusingekuwapo.” Sijui kama anaamini hivyo au anataka tu ninyamaze. Ukikasirika, nikasirikie mimi, lakini wewe ule.

Siku niliyoondoka nilimjazia ugoro kwenye kipande cha mwanzi, nikakiziba kwa kitambaa, nikakichomeka katika nyasi za paa juu ya kitanda chake, upande wa ukutani, pale mkono wake ulipofika. Nenda ukakitazame. Ukikuta ugoro umebaki, ujue hakuondoka na hamu hiyo. Ukikuta kitupu, basi aliyempunja ni mimi niliyempimia kidogo nikaenda zangu, si wewe.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyemwosha Bibi, mwambie nimesikia na ninamshukuru. Sekela naye asimwambie mtu. Kibanda kifagieni, Mama, ila ule mwanzi msiutupe.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa mke mwenza wa Bibi,

Atupele