Bamako Juu ya Sinia ya Chai

Ndugu yangu Bakari,

Amani ya Mungu ikufikie huko chini. Nakuandikia humu chumbani kwetu Sanyuanli. Homa ile uliyoiita mafua ilipokuchukua, sikuogopa kukuosha wala kukushusha kaburini katika nchi ya watu. Leo namwogopa mama yako.

Hajaambiwa. Kaka yako alipiga kwenye kibanda cha simu pale Xiaobei, akasema kwenu habari ya kifo haipiti kwenye waya, huletwa na mtu kwa miguu yake. "Na mtu huyo ni wewe, mla maharage." Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Ijumaa naondoka. Kaka yako hatakuja kunipokea uwanja wa ndege wa Bamako. Mama akituona tumeongozana atajua kabla sijakaa. Ataningoja nyumbani.

Basi kila nikishasali alfajiri napanga sinia ya chai iwe ramani ya mji wenu, kama ulivyonipangia. Birika ni kile kilima anakokaa rais. Kijiko ni mto, umelala katikati ya mji. Viberiti viwili ni madaraja. Glasi mbili ni minara ya msikiti mkuu. Sukari iliyomwagika ni soko: "Hapo shika mfuko wako kama unavyoushika sokoni Liuhua." Pikipiki zitanipita kama nyuki. Vumbi jekundu, ulisema, nitalijua kooni. Niache stesheni nyuma, nifuate reli mpaka nisikie wanaume wakigonga nguo kwa magongo zing'ae. Ua wenye mapipa ambamo mama hutia nguo rangi ndio kwenu.

Na chai yenyewe! Siku ulipoikuta dukani hapa ulipiga kelele, "Maisha yote najua hii ni chai ya Bamako!" Kumbe hulimwa huku huku. Muuzaji akadhani tunagombana.

Njia naiogopa kidogo. Naogopa mlango. Wewe ulinipa ukoo wa Kulibali, watani wenu mnaowaita wala maharage, ukamwambia mama. Tangu hapo kila alipopiga simu alinitukana kwanza: "Mwambie mtumwa wangu apunguze maharage, atapasua suruali!" Nawe unatafsiri huku machozi ya kicheko yanakutoka. Sasa nikibisha hodi atatoka na mikono yake ya bluu mpaka kwenye viwiko, ataanza kunitukana, na macho yake yatapita juu ya bega langu yakikutafuta wewe. Hapo, Bakari. Kila alfajiri nikifika hapo naondoa glasi kwenye sinia.

Kwetu Tabora msibani wote hulia, isipokuwa mtani. Yeye huja na kejeli zake, hata hulala ndani ya kaburi lililochimbwa akatae kutoka, mpaka wafiwa wacheke. Nimeyaona tangu utoto, nikicheka na wenzangu. Sikuwahi kujiuliza mtani yule, akitoka mle, analia wapi.

Nakuahidi hili. Sitamwahi kwa machozi. Nitamwacha anitukane amalize, nitamjibu kwa tusi lile ulilonifundisha, acheke kicheko chake chote, maana sijui atacheka tena lini. Ndipo nitavua viatu, nikae chini kando ya mapipa, nimwekee kofia yako mikononi. Kaka yako hatahitaji kutafsiri.

Lala, ndugu yangu. Mungu akupanulie kaburi, na mimi anivushe lile daraja la kiberiti.

Mla maharage wako