Jina la Nne, Gia Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Tumebadilishwa jina tena! La nne tangu nivae gwanda. Niliingia Kikosi cha Matengenezo. Nikajifungua kifungua mimba wangu nikiwa Kikosi cha Ufundi na Ukarabati. Usajini niliupata Kurugenzi ya Uendelevu wa Zana. Na kuanzia leo saa nne asubuhi mimi ni wa Kamandi ya Utayari wa Mitambo, Zana na Watu. Benchi langu ni lilelile. Lori lililo juu ya mawe nyuma ya karakana nalo lipo palepale, linasubiri giaboksi tangu jina la pili.

Meja alilisoma jina gwaridani kwa pumzi mbili. Fundi cherehani wa kambi akashika kichwa — beji mia nne za kufumua, na zile za mwisho hata hazijapauka! Alininong'oneza kwamba safari hii atazibana kwa pini tu, maana anawajua hawa.

Habari yenyewe ni hii. Siku ya kuzindua jina, Ijumaa ya tarehe 14, ndiyo siku Jenerali atasoma orodha ya vyeo. Mimi nimo. Meja kanihakikishia. Afisa mteule! Nisipopanda sasa, Juni natimiza umri ambao sajini lazima aage. Miaka ishirini na miwili nafungua giaboksi na kuzifunga. Sitaki kuaga.

Jumanne, 4 Machi

Mchoro wa beji mpya umefika. Kauchora Jenerali mwenyewe, na sahihi yake ni kubwa kuliko beji. Gia tatu: juu imeandikwa Mitambo, chini kushoto Zana, chini kulia Watu. Zote zimeumana meno, kila moja na wenzake wawili. Chini kabisa utepe wenye jina letu refu.

Kwenye kofia haina shida, uzi hauzunguki. Lakini Meja anataka nyingine ya chuma pale getini, upana wa mlango, tena izunguke! Jenerali abonyeze swichi, gia zizunguke, bendi ipige. Aitengeneze nani? Akasema, si wewe ndiye Mama Gia?

Nikautazama mchoro. Nikautazama tena. Mungu wangu.

Haiwezi kuzunguka hiyo! Gia mbili zikiumana, moja ikienda kulia, mwenzake lazima aende kushoto. Sasa hiyo ya tatu, inayoziuma zote mbili, iende wapi? Haiendi. Zinang'ang'aniana tu hapo mpaka mota iungue. Karakana nzima ya mafundi, na beji yetu ni mashine iliyokwama.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea Meja ushahidi. Niliokota gia tatu chakavu, nikazipigilia ubaoni kama zilivyochorwa, nikamwekea mezani. Zungusha, afande. Akazungusha. Hola. Akavua saa, akasimama, akazungusha kwa mikono miwili, meza ikasogea, gia hazikusogea.

Akafikiri sana. Akasema zitiwe grisi.

Nikamweleza kwa vidole, kwa chaki, kwa vifuniko vya chupa. Mwishowe akaelewa, na hapo ndipo alipochukia. Yeye aende kumwambia Jenerali kwamba mchoro wake ni mbovu, wiki anayosaini vyeo? Kama nataka, nikamwambie mwenyewe. Yeye hayumo. Kisha akanikumbusha kwamba orodha iko mikononi mwake mpaka Ijumaa ile, na majina huwa yanachomoka.

Mwanamume mzima! Nilitoka na ubao wangu kwapani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kwa Baba. Alikuwa mtunza stoo wa kikosi hikihiki, na beji zetu zote anazo kwenye koti lake la kutokea, mbili kila upande, mpaka mabega yameinama. Hiyo ya nne wala si yetu, ya zimamoto, aliipenda tu. Kabla sijakaa ameshauliza ya kwake mpya iko wapi.

Nikamweleza mambo ya gia. Akasema nifunge mdomo. Yeye aliwahi kupokea buti mia tatu, zote za mguu wa kushoto, akakataa kutia sahihi. Mwaka huohuo akarudishwa nyumbani na usajini wake. Nikamuuliza buti ziliishia wapi. Akasema zilivaliwa, bwana, watu walitembea upande. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema chai yangu inapoa.

Nililia kidogo njiani. Si kwa ajili yake tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata njia! Zana na Watu zinaumana chini, palepale unapopita utepe. Basi nikiziachanisha, nafasi ya unene wa kidole tu, zote mbili zitazungushwa na ile ya juu, vizuri kabisa, na utepe utafunika pengo. Hakuna atakayeona. Jina ni refu mno, utepe wake unatosha kufunika hata dhambi kubwa zaidi.

Tumejaribu na mchomeleaji wangu, yule tunayemwita Cheche. Zikazunguka kimya, kama saa. Cheche akasema hii ni mara ya kwanza jina kufanya kazi humu karakanani. Tulicheka mpaka akavua miwani.

Ila nikiwa peke yangu nilizitazama tena. Nimewahi kufunga giaboksi kwa hila? Kamwe. Na hii naifunga getini, kila dereva aione.

Jumatano, 12 Machi

Siamini. Siamini! Waraka umekuja saa tano. Makao makuu wameona jina ni refu, halienei kwenye mihuri. Sasa sisi ni Kamandi ya Utayari. Basi! Jina la tano, na la nne halijazinduliwa.

Fundi cherehani alicheka peke yake chumbani kwake, tukamsikia mpaka nje. Pini zake!

Mimi sikucheka. Jina fupi, utepe mfupi. Meja kaja na mchoro mpya na futi ya kupimia: mkono mmoja kutoka ncha hadi ncha, si zaidi. Nikamwomba nibakishe ule mrefu, pembeni nijaze nyota. Akasema nyota ni za majenerali. Nikamwonyesha pengo lilivyo wazi. Akasema nipake rangi nyeusi na niwe na imani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepaka nyeusi. Bado linaonekana.

Mume wangu anasema nimwambie tu Jenerali, kwani ataniuma? Rahisi kwake, ni seremala, mbao hazina vyeo. Kisha akanipigia pasi gwanda langu, mistari miwili iliyonyooka kabisa. Nampenda huyu mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumba ya walinzi, getini. Naandika harakaharaka, daftari gotini.

Kitambaa kilivutwa saa tatu. Jenerali akabonyeza. Zikazunguka! Bendi ikapiga, watu wakapiga makofi, Baba kule nyuma alipiga saluti ambayo hakuombwa. Meja alinitazama kama aliyenizaa yeye. Faili la vyeo alikuwa nalo kwapani, lisomwe baada ya hapo.

Ndipo Jenerali akasogea. Akainama. Akachungulia chini ya utepe, muda mrefu, mpaka bendi ikaishiwa wimbo. Akauliza, mbona Watu hawazigusi Zana? Yeye alichora zimeshikana! Watu na Zana wasiposhikana, kamandi ipo ya nini?

Meja akajibu upesi kabla sijafungua mdomo. Ni uzembe wa fundi, afande, itasogezwa sasa hivi.

Uzembe wa fundi! Mimi! Meno yale nimeyapiga tupa moja moja kwa siku tano!

Jenerali akageuka kwangu. Zima mota, Sajini, isogeze iguse, kisha tuwashe tena. Tunakusubiri. Nikasema ngoja nilete spana. Uongo, spana ninayo mfukoni. Nilitaka dakika mbili tu za kukaa.

Nikiisogeza, itakwama mbele ya kambi nzima, moshi utoke, na mzembe ni mimi. Nikikataa, nimemkaidi Jenerali hadharani. Kote kote ni Juni. Na Meja hatasema neno, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Lakini kuna kitu nilikiona. Alipoinama pale, Jenerali alivua glavu, akapapasa meno ya gia kwa kidole gumba, taratibu, moja baada ya jingine, akitafuta palipolika. Mtu wa ofisini hashiki gia hivyo. Yule amewahi kulala chini ya gari, tena si mara moja.

Meja ananiita. Mara ya pili hii, na sauti imepanda.

Haya. Mota nitazima. Bolti ni mbili tu. Natoka na spana yangu ya namba kumi na saba, na namkabidhi Jenerali mwenyewe mkononi, aisogeze yeye. Koti lake nitamshikia.