Mama Pang na Rejeta ya Sebuleni

Yanqiu, uko wapi? Nimemrushia Mama Pang, mama yake Zhaohui wangu, maji meusi. Usoni!

Amekuja leo kuniona mara ya kwanza, na nyumba hii kuukuu ya bibi unaijua. Majirani wote wana joto, rejeta yangu ya sebuleni, inayopitisha maji ya moto kupasha chumba joto, baridi kama barafu. Mama Pang kaigusa, akasema, "Hewa imenasa humo. Zhaohui angekuwepo angeitoa."

Basi nikajifanya fundi. Nikachukua plaizi, nikalegeza skrubu yake ya kutolea hewa kidogo. Kidogo tu, nakuapia!

Ikachomoka. Maji ya kutu yakamrukia mama wa watu, koti lake jeupe lote likalowa. Meusi tii, Yanqiu!

Akaziba tundu kwa kidole gumba, akafoka, "Umesimama nini? Kafunge koki!"

Koki iko chini kabisa ya jengo, ghorofa tano kutoka kwangu. Niko kwenye ngazi namsikia: "Yanakuja ya moto! Mkwe, kimbia! Mkweee!"

Umesoma vizuri? Mkwe!

Skrubu tumeirudisha, rejeta inachemka. Mama Pang kavaa pajama zangu, kaiegemea, anauliza harusi lini.

Na Zhaohui mwenyewe hata hajanichumbia!