Nilifuta Picha za Bibi Yako

Chikongola,
S.L.P. 214,
Mtwara.
17 Agosti 2006

Mpendwa mwanangu Anold,

Hujambo baba? Pendo hajambo? Mtoto meno yameshatoka? Kifua chako nakiulizia kabla ya yote, maana kwenye simu nilikusikia unakohoa ukasema ni vumbi. Vumbi gani la wiki tatu. Nenda ukapime.

Sisi wazima, Mungu anasaidia. Mikorosho imeanza maua. Dada yako Faraja anakusalimu, bado anachapa barua za watu na mitihani ya walimu kwa ile kompyuta uliyotuletea.

Sasa nisikilize, na barua hii usiisome mbele za watu. Nampa Hafsa wa jirani, anapanda basi la kuja huko kwenu kesho. Kwenye simu nimeshindwa, maana nikiishika tu baba yako anakuja kukaa karibu.

Unajua tangu apooze mkono wa kulia daktari alisema auchezeshe kila siku. Mpira wa kuminya aliutupa, eti yeye si mtoto. Lakini lile gemu la magari ulilomwachia analipenda. Saa mbili asubuhi mpaka saa nne ameshika mausi, anaendesha, anagombana na madereva wa humo ndani. Mwezi wa saba akaanza kushika kijiko mwenyewe. Nililia jikoni.

Tatizo kompyuta ikawa inaganda. Anaendesha kidogo, gari linasimama, mashine nzima kimya. Siku moja mtihani wa mwalimu Erasto, ambao Faraja alikuwa hajauhifadhi, ukapotea wote. Walikosana kweli. Faraja anasema gemu litoke, baba yako anasema mitihani ndiyo itoke.

Akaja fundi Ismaili. Akasema kadi ya picha ina kumbukumbu ndogo, imejaa, ndiyo maana inavamia kumbukumbu ya mashine nzima. Akasema atarudi Jumatatu, akaenda zake.

Mimi nikasikia picha, kumbukumbu, imejaa. Ningejuaje, Anold? Kumbukumbu za picha kwetu ni zile ulizopiga Pasaka ukaziweka humo. Nikaona kweli ni nyingi, nyingine za kuku tu. Faraja alipokwenda sokoni nikakaa pale, nikafanya kama ninavyomwona akifuta barua za wateja. Nikafuta zote, na lile pipa lao la takataka la humo kwenye kompyuta nikalimwaga. Nilijiona nimefanya usafi.

Na za bibi yako Elizabeti zilikuwa humo. Tumemzika Juni, picha nyingine hana, hata ya kitambulisho. Ni mama wa baba yako, siyo mama yangu mimi.

Ismaili aliporudi nikamweleza. Akavuta kiti akakaa. Akasema, “Mama, ni picha za gemu hizo, siyo za familia.” Kumbe kadi ni kipande kimechomekwa ndani ya mashine. Barabara, miti, vivuli, vyote vya gemu vinakaa hapo. Pakijaa, vinavyobaki vinakwenda kubanana kwenye kumbukumbu ya mashine, na huko nako kukikosa nafasi ndiyo kila kitu kinaganda. Hata ningefuta picha elfu, gemu lisingepata nafuu. Dawa ni kupunguza miti na vivuli humo humo kwenye gemu, kazi ya dakika tano.

Lakini akasema tusiwashe. Kila tukiwasha, mashine inaweza kuandika mambo mapya juu ya zile zilizofutwa, na hapo hazirudi tena. Yeye hana ujuzi wa kuzirudisha.

Basi tangu Jumatatu imezimwa. Faraja anajua, amenuna, anakwenda kuchapa kwa Ismaili. Baba yako nimemwambia umeme wa chumba kile una hitilafu. Jana akaniuliza, “Mama Anold, umeme wa nyumba hii siku hizi unachagua vyumba?” Nikachukua ndoo nikatoka nje. Na jana hiyo hiyo kijiko kimemponyoka mara mbili.

Tafuta kwenye kamera yako, tafuta kwenye zile sidii, hata iwe moja tu ya bibi. Ukipata, mpigie Ismaili. Ukikosa pia sema, usinifiche kwa kunionea huruma.

Hapo juu nilipokata kwa kalamu nilikuwa nimeandika usimwambie baba yako. Nimekata. Jumatano, upige usipige, nitamwambia mwenyewe. Mkono ni wake na mama ni wake. Waya nitauchomeka, kitufe nitamwachia yeye, abonyeze au aache.

Msalimie sana mkwe wangu Pendo, mbusu mjukuu. Faraja nimemwambia aongeze neno, amesema andika tu salamu. Mungu awafunike hapo mlipo, akuondolee hicho kikohozi, na mimi anipe mdomo siku hiyo ya Jumatano.

Wako akupendaye,
Mama yako, Veronika