Mzaha Ulionigomea Bwenini

Ndugu yangu, heshima yangu imezikwa rasmi leo, hapa bwenini. Naandika kwa simu ya matroni, kwa hiyo usijibu upuuzi.

Nilikuwa naigiza daktari atakayempasua mama kesho. Shuka ndiyo koti, waya ndiyo miwani. Hakuna aliyecheka. Hakuna!

Kiranja akasema, "Mdogo wangu, tueleze tena, ila vua miwani kwanza."

Nikafungua kinywa, nikalia. Mimi! Kamasi zote kwenye shati lake alilotoka kulipiga pasi!

Hakunisukuma. Bweni zima likanisindikiza kwa matroni, nimpigie mama niliyekuwa namkwepa wiki nzima.

Mama naye akaanza mzaha: "Mwanangu, daktari ananipunguza uzito bure!"

Nikamwambia, "Mama, naogopa."

Akasema, "Hata mimi, baba. Usikate simu."